Bedfordshire: trola ya uvuvi ya Grimsby iliyozamishwa pwani ya Marekani mwaka 1942. Je, ilipaswa kuwa pale?

#1 Mwanapwani_Tanga (mleta mada)

Wadau, salaam. Naomba tujadili habari ya chombo kimoja ambacho kimenikaa moyoni kwa muda mrefu. Bedfordshire ilikuwa trola, yaani meli ya kukokota nyavu, iliyojengwa mwaka 1935 katika karakana ya Smith's Dock kando ya mto Tees, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kwa ajili ya kampuni ya uvuvi ya mji wa Grimsby. Ilikuwa na tani 443, urefu wake haukufika mita 50, injini yake ya mvuke ilikula makaa ya mawe, na kazi yake ilikuwa kwenda kuvua katika bahari za baridi za kaskazini.

Agosti 1939, siku chache kabla ya vita kutangazwa, jeshi la majini la Uingereza liliichukua. Vifaa vya uvuvi vikashushwa, omoni (mbele) ukafungwa mzinga wa inchi 4, tezini (nyuma) yakapangwa mabomu ya kina kwa ajili ya kupambana na nyambizi, nayo ikapewa namba FY141. Mapema mwaka 1942 ikavushwa Atlantiki pamoja na trola nyingine ili kuisaidia Marekani. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1942, nje ya kisiwa cha Ocracoke katika jimbo la North Carolina, nyambizi ya Kijerumani U-558 iliipiga kwa torpedo. Watu 37 waliokuwamo walikufa wote, na Wamarekani walitambua kwamba imepotea pale tu maiti zilipoanza kufika ufukweni.

Dai langu ni hili: Bedfordshire haikupaswa kuwa pale. Chombo cha kuvulia samaki kilipewa kazi ya manowari, na watu wakalipa kwa roho zao. Anayeona vinginevyo aeleze.

#2 Kalamu_ya_Kilwa

Ahsante kwa uzi, mkuu, lakini dai lako linaruka hatua nyingi. Waingereza hawakushika trola kwa pupa mwaka 1939 kama mtu anayeshika fimbo ya kwanza iliyo karibu. Wazo lilikuwa limekwisha kutimiza zaidi ya miaka 30. Mwaka 1907 Amiri Lord Charles Beresford alipendekeza meli za uvuvi zitumike kufagia mabomu yaliyotegwa baharini, na mwaka uliofuata trola mbili za Grimsby, Algoma na Andes, zilijaribiwa kwa kazi hiyo. Matokeo yaliridhisha, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kikawapo kikosi maalumu cha akiba cha mabaharia wa trola.

Sababu ni rahisi kuiona. Kufagia mabomu ni kukokota. Meli mbili zinakwenda sambamba huku zimeshika ncha mbili za waya mrefu uliozama, na waya huo unakata mnyororo unaolishikilia bomu chini, bomu linaibuka, kisha linapigwa risasi. Trola ilikuwa na winchi tayari, ilikuwa na nguzo za kupitishia waya tayari, na juu ya sitaha yake walikuwapo watu ambao tangu ujana walikuwa wakishusha na kupandisha vitu vizito katika bahari iliyochafuka. Hakuna chuo cha kijeshi kilichoweza kuwafunza watu wa aina hiyo kwa miezi sita.

#3 Baharia_Mzee

Nakubaliana na Kalamu ya Kilwa kwa nusu, nanyi mtaniwia radhi nikieleza kwa urefu, kwa sababu hapa nazungumza kwa niliyoyapitia mwenyewe. Nilifanya kazi ya sitaha kwa miaka minne katika meli ya kukokota nyavu za kuvulia kambamiti nje ya mdomo wa Rufiji. Kampuni yenyewe sitaitaja. Waya wa winchi ukikaza unalia, na mtu aliyezoea anajua kwa mlio huo kama wavu umekwama kwenye mwamba au umejaa tope. Siku moja waya ulikatika. Ulirudi sitahani kama nyoka, ukapita mahali ambapo mwenzangu alikuwa amesimama muda mfupi kabla, ukakunja chuma cha ukingo. Alisalimika kwa sababu sarahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, alikuwa amesikia mlio akampigia kelele aondoke.

Kwa hiyo ninaelewa kabisa kwa nini jeshi la majini liliwataka watu hawa kwa kazi ya kufagia mabomu. Lakini Bedfordshire haikupelekwa Marekani kufagia mabomu. Ilipelekwa kuwinda nyambizi. Sikio linaloujua waya halisaidii kitu pale ambapo adui ni meli inayokutazama wewe gizani kabla hujaiona.

#4 Hesabu_za_Bahari

Shikamoo, mzee. Maneno yako ya mwisho ndiyo kiini, nami nitayatilia tarakimu. Trola ya aina ya Bedfordshire ilikwenda mwendo wa noti 11 au 12 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Nyambizi za aina ya VIIC, ambayo U-558 ilikuwa mojawapo, zilikwenda karibu noti 17 zikiwa juu ya maji, na noti 7 au zaidi kidogo zikiwa chini. Maana yake ni kwamba mchana, nyambizi ikiwa imezama, trola ingeweza kuifukuza. Usiku, nyambizi ikiwa imeibuka, mwindaji na mwindwa walibadilishana nafasi.

Jambo la pili ni asdiki. Kifaa hiki hutuma mlio ndani ya maji na kusikiliza mwangwi unaorudi, na kilikuwa ndicho jicho kuu la meli hizi. Lakini nyambizi inayoelea juu usiku huwa na sehemu ndogo tu ya mwili wake majini, na asdiki haikutegemewa kuiona katika hali hiyo. Manahodha wa Kijerumani walilijua hilo, na ndiyo sababu walipenda kushambulia usiku wakiwa juu ya maji. Kwa maoni yangu mleta mada ana haki: kasi na kifaa, vyote viwili, viliwaangusha.

#5 Msafiri_Carolina

Ninaishi North Carolina na nimefika Ocracoke mara mbili, kwa kivuko, kwa kuwa kisiwa hakina daraja. Naomba niongeze upande wa watu, maana hadi sasa tumezungumza vyuma.

Aprili 1942 meli ya mafuta ya Waingereza, San Delfino, ilizamishwa katika pwani hii na baadhi ya maiti za mabaharia wake zikaletwa na maji. Aycock Brown, aliyekuwa akifanya kazi na idara ya ujasusi ya jeshi la majini la Marekani, alitaka bendera za Uingereza za kuwazikia, akazipata kwa Luteni mdogo Thomas Cunningham wa Bedfordshire, ambaye alimpa zaidi ya alizohitaji. Mwezi uliofuata, tarehe 14 Mei, maiti mbili zilionekana Ocracoke, na Brown alipoitwa kuzitambua, mmoja wao alikuwa Cunningham mwenyewe. Akazikwa akiwa amefunikwa bendera mojawapo kati ya zile alizozitoa kwa mkono wake.

Baadaye zilipatikana maiti nyingine mbili ambazo majina yao hayakutambulika. Makaburi yako manne, yamezungushiwa uzio mweupe chini ya miti, na bendera ya Uingereza inapepea hapo hadi leo. Kiwanja kiko chini ya dhamana ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, walinzi wa pwani wa Marekani husaidia kukitunza, na kila mwezi Mei hufanyika ibada ya kumbukumbu. Nilisimama pale nusu saa bila kuweza kuondoka.

#6 Mwalimu_Zuhura

Simulizi ya #5 imenigusa sana. Nami niongeze kwamba watu hawa walikuwa na jeshi lao ndani ya jeshi. Kikosi cha doria kilichokusanya trola na vyombo vingine vidogo kilikuwa na makao yake Lowestoft, mji wa wavuvi mashariki ya Uingereza, katika bustani iliyoitwa Sparrow's Nest. Walipewa nishani ndogo ya fedha ya kuvaa mkononi, ambayo hakuna kikosi kingine kilichokuwa nayo, yenye sura ya papa aliyechomwa na kunaswa katika wavu. Ukumbusho wao ulioko Lowestoft una majina ya watu wapatao 2,400 ambao kaburi lao ni bahari. Kwa hiyo wale wanne wa Ocracoke, hata wawili wasio na majina, walipata kitu ambacho wenzao wengi hawakukipata.

Mleta mada, unaposema "chombo cha kuvulia samaki", tafadhali usitumie neno hilo kwa maana ya kitu duni. Agosti 1917 Thomas Crisp wa Lowestoft, nahodha wa mashua ya tanga ya uvuvi iliyoitwa Nelson, aliendelea kupigana na nyambizi akiwa amejeruhiwa vibaya hadi akafa, na habari za mashua yake zikafikishwa na njiwa. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza.

#7 Mpembuzi_254

Naona mnatafuta kosa katika meli, na kosa halikuwa katika meli. Januari 1942 Amiri Dönitz, mkuu wa nyambizi za Ujerumani, alituma nyambizi zake pwani ya mashariki ya Marekani, zikakuta miji ya ufukweni ina taa zinazowaka usiku kucha. Meli ya mizigo iliyopita kati ya nyambizi na taa hizo ilionekana kama kivuli ukutani. Taa hazikuzimwa upesi kwa sababu wafanyabiashara wa utalii walihofia hasara ya msimu. Isitoshe, meli zilisafiri mojamoja, bila msafara.

Uingereza ilikuwa imekwisha kujifunza kwa damu kwamba dawa ya nyambizi ni msafara wenye walinzi, wala si doria ya chombo kimoja kinachozunguka baharini kutafuta. Wamarekani walichelewa. Msafara wa kwanza wa pwani kuelekea kusini, KS 500, uliondoka Hampton Roads, jimbo la Virginia, tarehe 14 Mei 1942, siku ileile ambayo maiti ya Cunningham ilionekana. Bedfordshire ilikufa ikiwa katika doria ya mtindo wa zamani. Ingekuwa ubavuni mwa msafara, pamoja na walinzi wengine, huenda hadithi ingekuwa nyingine.

#8 Kalamu_ya_Kilwa

Mpembuzi, unawaonea Wamarekani. Katika miezi hiyo walikuwa wanapigana katika bahari mbili kwa pamoja, na manowari zao nyingi zilizofaa kwa kazi ya ulinzi zilikuwa Pasifiki au zinasindikiza misafara ya Atlantiki ya kaskazini. Amiri King, mkuu wa jeshi la majini la Marekani, aliamini kwamba msafara usio na walinzi wa kutosha ni mbaya kuliko kutokuwa na msafara, kwa kuwa unamkusanyia adui shabaha. Unaweza kumpinga, nami nampinga, lakini hakuwa amelala. Walinzi hawakuwapo, na ndiyo sababu Waingereza walituma trola 24.

Kumbuka pia kwamba Septemba 1940 ni Marekani iliyoipa Uingereza manowari kongwe 50 kwa kubadilishana na haki za kuweka vituo. Mwaka 1942 deni la wema lilikuwa linarudi.

#9 Mpembuzi_254

Siwaonei. Kuzima taa hakuhitaji manowari hata moja. Hilo hujalijibu.

#10 Mjukuu_wa_Sarahangi

Ndugu yangu Hesabu za Bahari wa #4 anapenda tarakimu kama karani wa forodha, nami namheshimu kwa hilo, ila safari hii ameacha ukurasa mmoja wa daftari bila kuufungua. Kama kasi na asdiki ndizo zilizoua, basi tutarajie trola hizi zilizopelekwa Marekani ziwe zimezamishwa kwa torpedo. Tuziangalie zile zilizopotea mwaka 1942. Northern Princess ilipigwa na U-94 tarehe 7 Machi, hata kabla ya kufika. St. Cathan iligongana na meli ya Kiholanzi tarehe 11 Aprili. Senateur Duhamel iligongana na manowari ya Marekani Semmes tarehe 6 Mei. Bedfordshire tunaijua. Kingston Ceylonite ilikanyaga bomu lililotegwa na U-701 karibu na Virginia Beach tarehe 15 Juni. Pentland Firth iligongwa na meli ya Marekani Chaffinch mwezi Septemba.

Hesabu basi: torpedo mbili, bomu la kutegwa moja, migongano mitatu. Nusu ya hasara ilitokana na vyombo vya upande wao wenyewe, vikitembea gizani bila taa katika njia zenye msongamano. Mimi nasema adui mkubwa alikuwa usiku na ugeni wa bahari ile.

#11 Hesabu_za_Bahari

Nimepokea sahihisho, na hilo la karani nimelipokea pia. Lakini hata orodha yako inabaki nusu. Swali la mleta mada linahusu Bedfordshire, na Bedfordshire haikugongana na mtu. Inasimuliwa kwamba torpedo za kwanza za U-558 ziliikosa na nyambizi ikapata nafasi ya kupiga tena. Chombo chenye kasi, au chenye macho mazuri ya usiku, kingeweza kuitumia nafasi hiyo. Hapo narudi palepale.

#12 Mwana_wa_Mafia

Samahani kama nitausogeza uzi kidogo kuelekea nyumbani, ila uhusiano upo. Jambo hili la kutwaa vyombo vya uvuvi kwa ajili ya vita limefika mpaka kwetu. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika vijito vya delta ya Rufiji. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina kidogo, na katika vyombo vilivyotumika kulinda midomo ya mto vilikuwamo vilivyotoka katika kazi ya kuvua nyangumi: Echo, Fly, Childers na Pickle. Vilifaa kwa sababu vilikuwa vidogo na vyepesi kugeuka. Königsberg iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915.

Tena, Msafiri Carolina, uliposimulia makaburi ya Ocracoke nilikumbuka Chapwani, kisiwa kidogo mbele ya mji wa Zanzibar, ambako wamezikwa mabaharia wa Pegasus. Nilipelekwa huko na mjomba wangu nikiwa darasa la sita. Ni hali ileile: kisiwa kidogo, makaburi ya wageni wachache, na sauti ya bahari iliyowaua.

#13 Baharia_Mzee

Mwanangu wa Mafia, hujausogeza uzi, umeufunga nanga. Midomo ile ya Rufiji naijua, tope lake nimelivuta kwa wavu. Nahodha anayeingia mle na chombo kirefu maji yakiwa yanatoka, atalala hapo mpaka maji yajae.

#14 Msomaji_Hull

Salaam kutoka Hull. Kwa kuwa mmekwisha kutaja waliokufa, nitaje na aliyenusurika, maana trola kutwaliwa hakukuwa lazima iwe hukumu ya kifo. Viola ilijengwa Beverley mwaka 1906 kwa kampuni ya Hellyer ya hapa Hull, ambayo ilizipa meli zake majina ya wahusika wa Shakespeare. Ilikuwa katika kundi la trola zilizokaa Bahari ya Kaskazini kwa majuma, zikihamisha samaki kwa maboksi katika mashua za makasia hadi kwenye meli za kasi zilizowapeleka London. Kazi ile ya mashua iliua vijana wengi hata wakati wa amani, jambo ambalo mleta mada alitie katika mizani yake.

Viola ilichukuliwa Septemba 1914, ikafanya doria na kufagia mabomu hadi vita vilipokwisha, kisha ikauzwa Norway, ikabadilishwa jina mara mbili, na mwisho ikafika Grytviken katika kisiwa cha South Georgia, karibu na Antaktika, kwa shughuli za kuwinda sili. Bado ipo pale, imeegeshwa ufukweni, na jina lake la mwisho, Dias.

#15 Mwalimu_Zuhura

Ahsante kwa habari ya Viola. Niulize jambo ambalo wanaume wa uzi huu wameliruka: nyumbani walikula nini? Katika Vita Kuu ya Pili Uingereza iligawa nyama, sukari na siagi kwa kadi, ila samaki hawakuwekwa katika mgao. Hata hivyo trola kubwa na watu wake walikuwa vitani, samaki wakaadimika na bei ikapanda, na mama wa nyumbani akapanga foleni bila uhakika. Kila trola iliyofungwa mzinga ilitoa chakula mezani kwa mtu fulani. Hesabu ya kama Bedfordshire "ilipaswa" ianzie hapo pia.

#16 Mwanapwani_Tanga (mleta mada)

Nimesoma yote, na ninashukuru. Mwalimu Zuhura, neno "duni" halikuwamo moyoni mwangu, lakini naona jinsi sentensi yangu ilivyoweza kulibeba, na nalirekebisha. Mjukuu wa Sarahangi, migongano mitatu imenishtua, na dai langu la kwanza siwezi kulisema tena kwa sauti ileile. Bado lakini siko tayari kuungana na Kalamu ya Kilwa.

Kuna mtia makaa mmoja wa Bedfordshire aliyeachwa bandarini meli ilipoondoka safari yake ya mwisho, kwa sababu usiku ule alikuwa amekamatwa na polisi wa mji. Huyo ndiye aliyebaki hai. Na kamanda wa U-558, Günther Krech, naye nimesoma kwamba alikufa na nyambizi yake mwaka uliofuata.

#17 Hesabu_za_Bahari

Sahihisho dogo kwa #16. U-558 ilizamishwa kwa mashambulizi ya ndege katika Ghuba ya Biscay tarehe 20 Julai 1943 na watu 45 wakafa, lakini waliokolewa watano, na Krech alikuwa mmoja wao.

#18 Baharia_Mzee

Nirudi kwenye zile torpedo za kwanza. Hesabu za Bahari anasema chombo chenye macho kingetumia nafasi. Mwanangu, nimekaa zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri miaka minne. Usiku, chombo kikiwa kinapigwa na mawimbi ya ubavuni, maji yote yana mistari ya povu. Injini ya mvuke inagonga chini ya miguu yako, macho yako yako mbele ya omo kwa sababu unaogopa kugonga chombo kingine, na hiyo migongano mitatu inaonyesha hofu hiyo ilikuwa ya haki. Mstari mmoja zaidi wa povu unaopita nyuma ya tezi hauna cha kukuambia.

#19 Mpembuzi_254

Mzee, hapo unaniunga mkono mimi. Katika msafara kungekuwa na macho mengine.

#20 Kalamu_ya_Kilwa

Na vyombo vingine vya kugonga.

#21 Msafiri_Carolina

Wakati mnaendelea kuvutana, nina nyongeza. Maiti ya tano ya Bedfordshire haikuzikwa Ocracoke. Ilipatikana katika kisiwa jirani cha Hatteras na ikazikwa Buxton, karibu na baharia wa San Delfino, na huyo pia hakutambulika kwa jina. Huko sijafika bado. Mei ijayo, baada ya ibada ya Ocracoke, nitapanda kivuko cha kaskazini niende mpaka Buxton, kisha nitaweka picha ya kaburi hilo katika uzi huu.